Mkeka wa uhakika ni utapeli

Mvuvi wa Mafia akirudi toka upande wa Shungimbili, kitu cha kwanza ni simu: Simba na Yanga vipi? Tapeli analijua hilo. Dabi ikikaribia, meseji zinamiminika: "Nina mechi ya uhakika, tuma Sh20,000 nikupe matokeo."

Shabiki ajiulize: anayeyajua matokeo, kwa nini asibeti mwenyewe?

Mazoea ya kujilinda ni machache. Usitume hela kwa usiyemjua. Namba ya siri usimpe mtu, hata akijiita wakala. Namba ya tapeli iripoti TCRA kupitia 15040.

Timu ikifungwa inauma, lakini kuna mzunguko wa pili. Hela ya samaki ikishaenda kwa tapeli, haina marudiano.