Siku ya kupumzika isifutwe njiani kwenda Gosaikunda

Wanaopanga kutembea siku kadhaa hadi ziwa Gosaikunda, milimani Nepal, wakibana bajeti hufuta kwanza siku ya kupumzika. Ni hesabu mbaya. Ziwa liko mita 4380, karibu mita 900 kupita kilele cha Nyiragongo, na Dhunche, njia inapoanzia, ni kama mita 2000 tu.

Wakati wa sikukuu ya Janai Purnima, mahujaji Wahindu wengi hupanda kwa siku moja au mbili waoge katika maji ya Shiva. Wengi huumwa kichwa na kutapika; wengine mapafu au ubongo hujaa maji, na hapo ni kufa au kushushwa haraka. Madaktari wanashauri: kupita mita 3000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku.

Na mpagazi je? Wapagazi wengi hutoka mabondeni, hewa haba huwapiga sawa na mgeni, ila mpagazi hunyamaza asipoteze kibarua. Siku ile naye alipwe, na iandikwe kabla ya kununua tiketi ya ndege. Asiyeiweza aende ziwa Phewa, kule Pokhara. Halifiki hata mita 800.