Chemba ya mafuta si pambo la kumwonyesha bwana afya

Mwenye mgahawa anajua bei ya dumu la mafuta ya kula leo na anakumbuka lilikuwa kiasi gani mwezi uliopita. Anajua bei ya mchele, ya nyama na ya gunia la mkaa. Gharama ambayo wengi hawaiingizi kwenye hesabu ni ile inayoletwa na mafuta hayo hayo baada ya kutoka kwenye sahani ya mteja na kuingia kwenye bomba la sinki.

Mafuta ya moto hupita kwenye bomba kama maji. Yakipoa huganda, hasa ya nyama na ya mawese, na kunata kwenye kuta za bomba huku yakishika punje za wali na mabaki ya ugali. Njia inapungua kidogo kidogo bila mtu kujua. Siku linapoziba, mara nyingi huwa mchana, kwa kuwa ndio wakati maji na vyombo ni vingi. Wateja wako mezani na maji machafu yanarudi jikoni.

Kwa jiji kama Dar es Salaam tatizo haliishii kwenye bomba. Sehemu kubwa ya wakazi na wafanyabiashara hawajaunganishwa na mtandao wa majitaka, hivyo wanategemea mashimo. Mafuta yakiingia shimoni huelea na kufanya utando mgumu juu, na mengine huenda kuziba vinyweleo vya udongo. Shimo linaacha kunyonya, na gari la majitaka lililokuwa likiitwa mara moja kwa mwaka linaanza kuitwa kila baada ya miezi michache.

Wala mtandao mkubwa si kinga. Septemba 2017, katika eneo la Whitechapel jijini London, lilikutwa donge la mafuta yaliyoganda pamoja na taka nyingine ndani ya bomba kuu la majitaka. Lilikuwa na urefu wa mita 250 na uzito uliokadiriwa kuwa tani 130, na kuliondoa kulichukua wiki kadhaa. Kama jiji lenye uwezo ule lilielemewa, bomba la inchi 4 nyuma ya mgahawa haliwezi kusalimika.

Dawa yake inajulikana, nayo ni chemba ya kunasa mafuta. Ni sanduku au kisima kidogo kinachowekwa kati ya sinki na shimo. Maji yakiingia humo hupunguza kasi na kupoa. Mafuta, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, huelea juu. Mabaki ya chakula huzama chini. Na maji ya katikati hutoka kwa bomba ambalo mdomo wake umeelekezwa chini, mbali na utando wa mafuta. Haihitaji umeme wala mashine.

Tatizo ni kwamba chemba nyingi hujengwa ili kibali kipatikane, kisha zikasahauliwa. Chemba iliyojaa haifanyi kazi yoyote, kwani mafuta mapya hupita moja kwa moja kana kwamba haipo. Wenye migahawa husema kusafisha ni gharama. Hoja hiyo inafaa kupimwa kwa hesabu.

Chukulia mgahawa unaouza sahani 80 kwa siku kwa Sh2,500 kila moja. Mauzo ni Sh200,000. Ikiwa Sh120,000 zinakwenda kwenye chakula na mkaa, zinabaki Sh80,000 za kulipa pango, wafanyakazi na faida. Bomba likiziba na jiko likafungwa siku mbili, zimepotea Sh160,000, kabla ya kumlipa fundi bomba na gari la majitaka, na bila kuhesabu nyama iliyoharibika na wateja waliohamia jirani. Kumlipa kijana Sh3,000 za ziada kila wiki asafishe chemba ni Sh156,000 kwa mwaka mzima. Kuziba mara moja tu kumeshazidi gharama hiyo.

Kazi yenyewe ina kanuni nyepesi. Pima kwa kijiti: tabaka la mafuta juu na tope chini yakifikia robo ya kina cha chemba kwa pamoja, muda wa kusafisha umefika. Chemba ndogo chini ya sinki kwa kawaida huhitaji kusafishwa kila wiki, na kubwa ya nje kila mwezi hadi miezi mitatu. Mafuta yachotwe kwanza, tope litolewe, kuta zikwanguliwe, na tarehe iandikwe kwenye daftari. Mtu asiingie ndani ya chemba kubwa au shimo, kwani hewa yake inaweza kuua kabla hajaomba msaada. Kumwaga maji yanayochemka au dawa ya kuyeyusha mafuta si kusafisha. Mafuta huyeyuka na kuganda mbele zaidi.

Njia rahisi kuliko zote ni kuyazuia mafuta yasifike kwenye sinki. Sahani na sufuria zikifutwa mabaki kabla ya kuoshwa, chemba huchelewa kujaa. Mafuta ya kukaangia chipsi yaliyochakaa yachujwe na kuwekwa kwenye dumu lake, maana watengenezaji wa sabuni huyahitaji. Yale ya chemba ni jambo jingine. Yameoza na kuchanganyika na sabuni na uchafu, na mfugaji wa nguruwe au kuku asikubali kuyapokea hata akipewa bure. Yakiwa machache yachanganywe na vumbi la mbao, yafungwe na kupelekwa dampo. Kuyamwaga mtaroni ni kumpelekea hasara mkulima wa mchicha anayemwagilia kwa maji ya bonde.

Zipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, lakini faini peke yake haisafishi chemba. Katika majengo ya kupanga, migahawa minne inaweza kutumia chemba moja na kila mmoja akamsubiri mwenzake. Mkataba wa pango useme wazi nani anasafisha, lini, na kila mmoja anachangia kiasi gani. Halmashauri nazo, zinapokagua, ziombe daftari la usafishaji na kufunua mfuniko, badala ya kuridhika kwamba chemba ipo. Mama lishe anayelipa ushuru kila siku anastahili pia kuonyeshwa mahali halali pa kupeleka mafuta hayo.

Biashara ya chakula inategemea faida ndogo kwenye kila sahani. Anayeiachia ipotee kwenye bomba asilaumu bei ya mchele peke yake.