Tuwafundishe Wanafunzi Kuusoma Ufa

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mwanafunzi huikariri methali hii, na aghalabu huifafanua kwa habari za tabia na malezi. Ni nadra kumsikia mwalimu akianzia kwenye ufa wenyewe. Hilo ni kosa, hasa kwa vijana waishio mahali kama Kimbo, karibu na Ruiru, ambako majumba ya kupangisha huchipuka kila uchao.

Zege lenye nondo ni maada mseto, yaani vitu viwili vilivyounganishwa ili kimoja kifidie udhaifu wa kingine: zege huhimili kukandamizwa, nondo huhimili kuvutwa. Mwaka wa 1921 Mwingereza A. A. Griffith alieleza kwamba kioo huvunjika kwa nguvu ndogo kuliko itarajiwavyo kwa sababu ya nyufa ndogo zilizomo. Leo wahandisi hutumia kompyuta kuligawa umbo katika vipande vidogo vidogo, kila kimoja na milinganyo yake. Penye ncha ya ufa, ambako mkazo hulundikana, vipande hufanywa vidogo zaidi. Ndivyo wanavyokadiria ufa utaelekea wapi, na kwa mzigo gani. Lipo hata zege lenye nyuzi za kaboni: likipasuka, ukinzani wake wa umeme hubadilika, mithili ya mwili uhisio jeraha.

Elimu hiyo twaifundisha kwa Kiingereza, ilhali wanaouona ufa wa kwanza ni fundi na mpangaji. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Huruma, Nairobi, tarehe 29 Aprili 2016, takriban watu 50 walifariki. Amri ya kulibomoa ilikuwa imekwisha kutolewa. Mimi mwalimu wa isimu sidai kwamba istilahi zingewaokoa. Apuuzaye amri huipuuza kwa lugha yoyote. Lakini mpangaji asiyejua kwamba ufa wa mshazari kwenye nguzo si sawa na ufa mwembamba wa plasta, atamwuliza nini mwenye nyumba?

Walimu wenzangu, mfikapo kwenye methali hiyo, watoeni wanafunzi nje wakautazame ukuta. Ufa umeanzia wapi? Waelekea wapi? Umepanuka tangu muhula uliopita? Maneno tunayo: ufa, ncha, mkazo, nguzo, nondo. Tuyatumie darasani, ili mtoto arudipo nyumbani jioni aweze kumwonyesha mzazi wake palipo na hatari.