Staa Kabadili Dini, Matusi ya Nini?

Staa wa Bongo Movie akiolewa na kubadili dini, picha ya ndoa haijamaliza hata saa moja Instagram, vita imeshaanza. Huyu anaandika "karibu kwenye haki", yule anajibu "kauza imani kwa mahari". Ikifika komenti ya kumi hakuna tena anayemzungumzia bibi harusi. Watu wanatukaniana vitabu, mitume na mama zao. Bibi harusi mwenyewe yuko fungate, anakula bata.

Kupinga alichofanya si kosa. Anayeamini dini yake ndiyo ya kweli lazima aumie mtu akiondoka, na akinyamaza atakuwa mnafiki. Katiba yenyewe imeyaweka mambo haya jirani: Ibara ya 18 inampa mtu uhuru wa kutoa maoni, Ibara ya 19 inampa uhuru wa kuamini na wa kubadili dini. Kwa hiyo dada ana haki ya kuhama, na shabiki ana haki ya kusema hajapenda.

Mambo huharibika pale "wewe" inapogeuka "nyie". "Sikubaliani na uamuzi wako" ni maoni. "Nyie watu wa dini ile ndivyo mlivyo" inamgonga hadi jirani aliyekukopesha chumvi jana. Na kutoa maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mwenzako ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, usije ukasema hukuambiwa.

Wengine wanajitetea eti wanailinda dini. Sawa, lakini nani ameshawahi kuslimu au kuokoka kwa kutukaniwa mama?

Halafu kuna mtu mmoja anasahaulika: mama mzazi wa bibi harusi, ambaye bado yuko dini ya zamani. Anazisoma zile komenti, au anatumiwa skrinishoti kwenye grupu la ukoo. Yeye ndiye anayetafuta namna ya kukaa meza moja na mkwe. Kila tusi linamrudisha nyuma.

Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresma zilianza ndani ya wiki moja. Kwenye nyumba za kupanga watu walifunga, wakapishana jikoni, maisha yakaenda. Hawakukubaliana kuhusu Mungu, walikubaliana kuhusu zamu ya jiko.

Kwenu mmewahi kupitia hili? Tupia maoni yako hapo chini, ila matusi acha nyumbani.