Dirisha Lenye Mwanga



Juma hili nawaalika tumtafakari mchoraji Mmarekani, Thomas Kinkade, aliyezaliwa Sacramento, California, mwaka 1958. Alichora mandhari nyingi zinazofanana: nyumba ndogo ya mawe, bustani ya maua, kijito, na madirisha yanayong'aa jioni. Alijiita Mchoraji wa Nuru, wala hakuificha imani yake ya Kikristo.

Utajiri wake ulitokana na nakala zilizochapwa kwenye turubai, ambazo wasaidizi waliziongezea rangi kidogo kwa mkono. Kampuni yake ilidai kwamba nyumba moja kati ya 20 nchini Marekani ilikuwa na kazi yake ukutani.

Wahakiki walizidharau picha hizo. Mimi siwadharau walionunua. Kinkade alilelewa na mama yake katika ufukara baada ya wazazi kuachana. Hamu ya kufika nyumbani na kukuta taa inawaka si dhambi; ni kiu aliyoipanda Mungu mwenyewe ndani yetu.

Hata hivyo, nuru ikigeuzwa bidhaa, giza halipati pa kusemwa. Mwaka 2006 wasuluhishi waliiamuru kampuni yake iwalipe waliokuwa wamiliki wa duka la picha hizo dola 860,000, kwa kuwa haikuwafunulia ukweli wote wa biashara. Walalamikaji walisema kwamba lugha ya imani ilitumika kuwavuta. Naye mchoraji alisumbuliwa na ulevi. Alifariki tarehe 6 Aprili 2012, akiwa na miaka 54, kutokana na pombe iliyochanganyika na dawa ya kutuliza. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu.

Filamu ya mwaka 2023 juu ya maisha yake ilionyesha picha nyingine, nzito na zenye giza, ambazo hakuwahi kuziuza. Kwa maoni yangu, hizo nazo zilikuwa ushuhuda, na watu wake wangezihitaji. Pasaka yetu haiirukii Ijumaa Kuu, huipitia.

Basi ndugu zangu, tupende picha nzuri, tupambe nyumba zetu. Lakini je, katika nyumba hizo yupo awezaye kusema, "Ninaumia," na akasikilizwa bila kuhukumiwa? Huko ndiko taa inakowashwa.

Tumwombee marehemu pumziko la milele. Nawatakia Dominika njema.