Bastola ya Shabaha Haina Makao Nyumbani



Iko hoja inayopendwa sana katika midahalo ya vijana: raia mwema aruhusiwe kuweka nyumbani bastola ndogo ya shabaha, kwa kuwa ni nafuu na ni chombo cha mchezo tu. Hoja hiyo imesimama juu ya maneno matatu: ndogo, nafuu, mchezo. Nakuomba leo tuyapime maneno hayo moja moja. Msimamo wangu nautangaza mapema, usije ukautafuta katikati ya mistari: mchezo wa shabaha una haki ya kuwapo, lakini bastola yake haina haki ya kulala katika nyumba ya mtu, si Kinindo wala kwingineko.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Bastola tunayoizungumzia hutumia risasi nyembamba ya kipenyo cha milimita 5.6, ijulikanayo kwa jina la ishirini na mbili. Kemikali ya kuwashia baruti imewekwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Mpigaji akivuta kifyatuo, pini ya chuma huugonga ukingo huo, kemikali hulipuka, baruti huwaka, nayo risasi husukumwa nje ya mtutu, yaani bomba la bastola. Risasi za namna hii zilianzia Ufaransa katika karne ya 19 kwa kazi ya Louis-Nicolas Flobert. Aina itumikayo zaidi leo ilitoka Marekani mwaka 1887.

Wamiliki wake huisifu, wala tusiwanyime haki yao. Husema kwamba hairushi mkono wa mpigaji, mlio wake si mkali kama wa bastola kubwa, na risasi zake ni za bei ya chini, hivyo anayejifunza aweza kufyatua mamia bila kufilisika. Hata katika Michezo ya Olimpiki, mashindano ya bastola ya mita 25 hutumia risasi hii.

Lakini wasikilize wamiliki hao hadi mwisho. Hulalamika kwamba bastola za bei ya chini huchagua risasi: aina moja hupita vizuri, nyingine hukwama. Masizi na nta hujaa ndani yake, nayo hudai kusafishwa kila mara. Tena, kemikali isipoenea sawasawa ukingoni, pini hugonga na risasi isilie. Na mara chache hulipuka kwa kuchelewa. Ndiyo maana mpigaji hufundishwa kuuelekeza mtutu kwenye shabaha na kusubiri, kwa kawaida sekunde 30 au zaidi, kabla ya kuifungua bastola. Uwanjani kuna tuta la udongo mbele yake na msimamizi nyuma yake. Chumbani kuna nini? Kuna dirisha, na ng'ambo ya dirisha kuna ua wa jirani.

Sasa tulipime neno "ndogo". Risasi hiyo ina uzito wa gramu 2.6 hivi, lakini yaweza kuruka zaidi ya kilomita 1.5. Tazama mitaa yetu, ukahesabu ni nyumba ngapi zilizomo katika umbali huo. Historia nayo inashuhudia. Tarehe 5 Juni 1968, mjini Los Angeles, Seneta Robert Kennedy alipigwa kwa bastola ya ishirini na mbili, akafariki siku iliyofuata. Tarehe 30 Machi 1981, mjini Washington, Rais Ronald Reagan na watu wengine watatu walijeruhiwa kwa bastola ya bei nafuu yenye risasi za kipimo hicho hicho. Risasi iliyomfikia Rais ilikuwa imegonga gari lake kwanza, ikabadili mwelekeo. Msemaji wake, James Brady, alibaki na ulemavu maisha yake yote. Silaha hizo mbili hazikuwa bastola za mashindano, ni kweli. Lakini mwili wa mwanadamu haujui tofauti hiyo.

Neno la pili ni "nafuu". Ni neno zuri tukisema unga, daftari au dawa. Tukisema silaha, maana yake ni kwamba wengi wataimudu. Burundi inajua gharama ya jambo hilo. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliziingiza silaha hadi majumbani. Mwaka 2007, miaka saba baada ya Mkataba wa Arusha, utafiti wa Small Arms Survey na Ligue Iteka ulikadiria kwamba kaya zipatazo 100,000 nchini zilikuwa na silaha. Ikaja Sheria Na. 1/14 ya tarehe 28 Agosti 2009 kuhusu silaha ndogo na nyepesi, na mwezi Oktoba mwaka huo raia walihimizwa kuzisalimisha. Kabla ya hapo, tarehe 21 Aprili 2004, nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizotia saini Itifaki ya Nairobi, inayozitaka serikali kusajili silaha za raia na kuweka masharti ya kuzihifadhi kwa usalama. Nchi iliyojitaabisha hivyo kuzitoa silaha mlangoni haiwezi kuzirudisha dirishani kwa jina la michezo.

Utaniambia: "Mwalimu, jambazi haombi kibali. Kwa nini anyimwe raia mwema peke yake?" Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Anayeishi kwa hofu ya wezi wa usiku hastahili kudhihakiwa. Lakini fikiri pamoja nami. Ikiwa bastola imefungiwa katika kasha la chuma, na risasi zake zimefungiwa mbali nayo, haitamwokoa mtu aliyeshtuliwa usingizini. Ikiwa iko chini ya mto, imejaa risasi, basi iko karibu na mkono wa mtoto, wa mlevi, na wa mtu aliyekata tamaa usiku mmoja ambao asubuhi yake ingemletea faraja. Hakuna mahali pa tatu pa kuiweka. Tena, silaha halali ikiibwa leo, kesho ndiyo hiyo inayoitwa haramu.

Limebaki neno "mchezo". Nchini Uingereza, baada ya mauaji ya Dunblane ya tarehe 13 Machi 1996, ambamo wanafunzi 16 na mwalimu wao waliuawa, sheria ya kwanza ya mwaka 1997 ilipiga marufuku bastola kubwa lakini ikaiachia nafasi ya ishirini na mbili. Mwaka huo huo sheria ya pili ikaifunga nafasi hiyo, na wanamichezo wa bastola wakalazimika kufanya mazoezi nje ya nchi. Mimi siombi ukali huo. Jirani zetu wa Kenya wana wapigaji wenye leseni wanaoshindana katika uwanja wa Kirigiti, Kaunti ya Kiambu; mchezo huo haunikeri. Ninachodai ni hiki: bastola ya shabaha iwe mali ya klabu, ilale katika ghala la klabu, itolewe kwa daftari na irudishwe kwa daftari. Anayependa mchezo hatapoteza chochote, kwa kuwa hachezi sebuleni. Atakayelalamika atakuwa amekiri kwamba hakuutaka mchezo, aliitaka silaha.

Wahenga walisema: mtoto akililia wembe, mpe. Methali hiyo hufunza kwamba mkaidi atajifunza kwa jeraha lake mwenyewe. Hapa usiitumie. Wembe humkata aliyeulilia. Risasi humpata aliyekuwa akipita.

Zoezi la juma hili: andika insha ya maneno 300 ukiupinga msimamo wangu. Usilitumie neno "ndogo" wala "nafuu" mpaka umeeleza ni kwa nani.