Daftari la Wiki: Koo wa Shangazi

Koo wa shangazi, kishingo mwekundu ambaye nusu ya kuku wa ua ule ni wanawe na wajukuu, alijitenga Jumatatu. Mabawa yameshuka, mkia umeinama, undu umepauka. Shangazi anakaa kando ya mji wa Singida, na huko koo akizeeka na kuugua ushauri wa kwanza ni ule ule: auzwe kabla hajafa. Kijana mmoja alikwishaleta kamba ya kumfunga miguu. Shangazi akamkatalia: “Mwanangu, mwenzako unamwuzia kuku au unamwuzia maradhi?”

Natamani swali hilo lisikike kila mnadani. Kuku wa Singida hawaishii Singida. Hujazwa kwenye matenga, wakapakiwa garini hadi Dar es Salaam. Mmoja akiwa na kideri, ugonjwa unasafiri na kinyesi, makamasi, tenga lenyewe, hata viatu vya mchuuzi. Muuzaji ameokoa shilingi chache, mnunuzi anaweza kupoteza banda zima. Hiyo ni dhuluma.

*

Koo alifunikwa tenga kivulini, akawekewa maji yake peke yake. Shingo haikupinda, kinyesi si cha kijani, wenzake wote wanachakura vizuri. Kideri hatukukishuku sana. Gole tulilipapasa alfajiri kabla hajala, likawa tupu. Lingekuwa gumu saa hiyo, tungejua chakula kimeziba. Ila alikuwa akiingia kiotani, anajikaza, anatoka bila kitu. Yai limekwama. Makoo wazee hupatwa na hili misuli ikichoka na madini ya chokaa yakipungua mwilini.

Shangazi alimkalisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yaliyomfika tumboni, akamshikilia kama dakika 20. Hakumminya hata kidogo, maana yai likipasukia ndani linaweza kumwua. Akamkausha kwa khanga kuukuu na kumlaza ndani ya boksi, mahali penye giza na kimya. Asubuhi yai lilikuwepo, ganda lake linabonyea kwa kidole. Sasa pumba zake zinachanganywa na maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa.

*

Miguuni mwa koo magamba yameinuka, na chini yake kuna unga mweupe. Huo ni utitiri. Tuliosha kwa sabuni, tukasugua taratibu kwa mswaki, tukapaka mafuta ya mgando ili wadudu wakose hewa. Kazi hiyo itarudiwa kwa wiki kadhaa. Wengi hupaka mafuta ya taa matupu, na hayo humwunguza kuku ngozi.

*

Antibayotiki hakupewa. Haizibui yai, na kuku aliyenyweshwa haliwi, wala mayai yake, mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Nimeona watu wakimtibu kuku leo na kumtia chunguni kesho, watoto wakala. Anayefikiria kuchinja aamue kabla hajafungua pakiti.

Shangazi ameamua. Koo akiacha kula, au yai likikwama tena na maji yakashindwa, atachinjwa nyumbani kwa kisu kikali, asiteseke.

*

Jumamosi majirani watachangia chupa moja ya chanjo ya kideri, kwa kuwa ikishachanganywa haiwekwi. Ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila miezi 3. Koo atasubiri zamu ijayo. Chanjo hupewa kuku mzima.